Chumba Kisicho na Msumari

Mama yangu hana imani na ukuta usio na msumari. Nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, kila ukuta una kazi: kalenda ya kampuni ya mabasi iliyokwisha kufa, picha ya Al-Kaaba yenye saa iliyosimama saa nane na robo, ungo, bahasha ya risiti za maji tangu enzi za marehemu baba, na funguo za makabati ambayo yalishauzwa. Ukimshauri apunguze, anakuuliza swali moja tu: "Viende wapi?" Sijawahi kupata jibu.

Mdogo wangu aliyeko Muscat anadhani amelipata. Yeye ndiye aliyegharimia safari yetu ya Dar es Salaam, mama alipopangiwa kuondolewa mtoto wa jicho, na yeye ndiye aliyechagua hoteli, kwa simu, kwa kutazama picha. Ndugu tunao, wa Chanika na wa Mbagala, na wote walinuna kwamba hatukufikia kwao. Lakini kliniki iko katikati ya mji na miadi ilikuwa ya saa moja asubuhi. Kwa foleni ile, mtoto wa jicho angebalehe njiani. "Dada, nimewachukulia pale Posta," mdogo wangu akasema, kwa fahari ya mtu anayelipa kwa riyali. "Pa kisasa. Hakuna makorokoro."

Kuiona hoteli yenyewe ilikuwa shughuli. Posta naijua kiasi. Sanamu ya Askari iko pale kwenye mzunguko wa Samora tangu 1927 na haijahama. Kanisa la Azania Front lina mnara wake na vigae vyake vyekundu, hata mtu aliye kwenye pantoni analiona. Waliojenga zamani walitaka uone. Jengo la hoteli yetu lilikuwa zege la kijivu lisilopakwa rangi, na jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu hicho hicho, ili lisimsumbue mtu. Dereva wa teksi alilipita, akazunguka, akalipita tena. Mwishowe tukashuka, tukaweka mizigo chini, tukamuuliza mlinzi aliyesimama kando ya ukuta.

"Hoteli ndiyo hii, mama," akasema kwa upole. "Mmeegemea mlango."

Ndani hapakuwa na kaunta, wala kochi, wala ile meza ya magazeti ya mwezi uliopita. Palikuwa na sakafu. Katikati ya sakafu alisimama kijana wa fulana nyeusi, mikono nyuma, anatazama mbele. Mama akamhurumia.

"Na wewe hujahudumiwa, mwanangu?"

"Shikamoo bibi. Mimi ndiye mapokezi."

"Marahaba," mama akajibu, kwa sauti ya kumpa mtu pole.

Akatuandikisha kwa kidole kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, akatupa kadi nyeupe isiyoandikwa kitu, akatupandisha kwa lifti ambayo haikuwa na vitufe. Mlango wa chumba ulipofunguka mama alisimama kizingitini. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili. Kisha akanishika mkono.

"Mwanangu, hali imezidi. Sioni hata kiti."

Nikatazama. "Mama, hakuna kiti."

"Kabati?"

"Hakuna."

"Meza je?"

"Ule ubao wa zege uliotokeza ukutani, nadhani ndiyo meza."

Akavuta pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Nilidhani ni macho." Halafu huruma ikamwingia upya, akashusha sauti. "Maskini. Dalali amepita lini?"

Nikajaribu kumweleza kwamba huu ni mtindo, na una wenyewe. Mjerumani Ludwig Mies van der Rohe alijenga banda la maonyesho kule Barcelona mwaka 1929, la mawe ya thamani, kioo na nguzo za chuma, na ndani yake karibu hamkuwa na kitu. Likabomolewa mwaka uliofuata. Mwaka 1986 wakawa wamelijenga upya pale pale, maana yake watu waliutamani utupu ule kwa zaidi ya nusu karne. Na Mies mwenyewe hakuwa mkali kiasi hicho: viti aliweka, na viti hivyo vinauzwa hadi leo kwa jina la mji ule. Walioupeleka mtindo hotelini, kwa kiasi kikubwa, ni Ian Schrager na Steve Rubell, waliofungua hoteli ya Morgans mjini New York mwaka 1984, vyumba vikabuniwa na Mfaransa Andrée Putman. Mabwana hao wawili walikuwa wameshakaa jela kwa kukwepa kodi.

Katika maelezo yangu yote, mama aliokota hilo la mwisho. Akazungusha macho kwenye kuta nne nyeupe.

"Basi ndiyo maana," akasema. "Wamejenga walichokizoea."

Na mimi, nikiwa mtu wa mwambao, sikuwa na la kuitetea New York. Wazee wa Lamu walipopata ukuta mpana hawakuuacha ulale. Waliuchonga zidaka, safu juu ya safu, wakapanga sahani za kutoka China. Fedha ikiingia nyumbani, kwetu sisi, huonekana. Hapa fedha ilikuwa imeingia nyingi sana, maana bei ya usiku mmoja nilishaiona kwenye simu ya mdogo wangu, na kazi ya fedha yote hiyo ilikuwa kuondoa vitu.

Taa hazikuwaka mpaka tulipogundua kijitundu karibu na mlango kinachotaka ile kadi. Kadi za kufungulia vyumba ni kazi ya Mnorwe mmoja, Tor Sørnes, miaka ya 1970. Za mwanzo zilikuwa plastiki yenye matundu, na nia ilikuwa njema: mgeni akiondoka, kitasa kinabadilishiwa matundu yake, ufunguo wa jana haufungui leo. Sørnes hakumfikiria mtu anayesafiri na mama yake na kadi moja. Nikitoka nayo kwenda kununua matone ya macho, mama anabaki gizani na joto la Dar. Tatizo hilo mama alilitatua mwenyewe. Akapekua pochi, akatoa kadi yake ya bima, akaichomeka kijitunduni. Taa zikawaka, kiyoyozi kikaanza kunguruma.

"Leo imekubaliwa," akasema, "na hawajaomba hata sahihi."

Kando ya kitanda kulikuwa na vitufe visivyo na maneno, alama tu: duara, nusu duara, mistari mitatu, nukta. Duara lilizima kila kitu. Nusu duara halikufanya lolote ambalo tumeweza kuligundua. Jioni ile mama alikuwa amebaki na gagulo, anatafuta taa ya kusomea, akabonyeza mistari mitatu. Pazia, ambalo hatukujua kama lipo kwa kuwa lilifichwa ndani ya dari, likafunguka lote kwa madaha, polepole, kutoka kushoto hadi kulia. Ng'ambo ya mtaa lilikuwa jengo la ofisi lenye taa zote. Bwana mmoja mwenye tai, nadhani mhasibu, maana wahasibu ndio hukaa hadi saa hiyo, aliinua uso kwenye kompyuta yake, akaona, akauinamisha kwa adabu kubwa. Tulibonyeza nukta. Taa zikaongezeka. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi mama alimpungia mkono, naye alimpungia. "Ni mtu wa heshima," mama alisema. "Angeweza kuendelea kutazama."

Sasa bafu.

Bafu lilikuwa ndani ya chumba kwa maana halisi: boksi la kioo kitupu, sakafu hadi karibu na dari, choo na vyote, mbele ya vitanda. Anayelala na anayeoga wanaonana bila kikwazo. Nimesoma kwamba wabunifu wanapenda hivyo kwa sababu mwanga unapita. Mwanga ulipita kweli. Mimi na mama yangu tulitazama boksi lile, kisha tukatazamana, kisha kila mmoja akatazama dirishani. Bwana mwenye tai alikuwa ameshaondoka, nashukuru.

Mama akaingia kulikagua, akiwa amevaa kamili, na akaanza kutafuta bomba. Halikuwapo. Kulikuwa na ukuta wa jiwe jeusi na mstari mwembamba wa chuma. Alichokigusa sikukiona, nilichokiona ni dari nzima ikimnyeshea. Mvua ya vuli, pande zote kwa pamoja. Akatoka anachuruzika, ushungi umemganda kichwani, akaniambia bila kupandisha sauti: "Bomba nimeliona."

Pembeni mwa choo, juu ya kisahani cha mbao, palikuwa na mawe matatu meupe, laini, yamepangwa kwa uangalifu mkubwa. Kopo halikuwapo. Bomba la kuchambia nalo halikuwapo. Mama aliyatazama yale mawe kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu tufike uso wake ukalainika.

"Hawa wamesoma," akasema.

Msomaji aliyepita madrasa ameshaelewa. Aliyepita pembeni nimfahamishe kwa kifupi kwamba katika fiqhi mtu anaweza kujisafisha kwa mawe badala ya maji, na yasipungue matatu. Nilimwambia mama kwamba yale ni mapambo. Hakukubali kabisa. "Mapambo yangekuwa mawili au manne. Matatu ni elimu." Hata hivyo ruhusa ile hakuitaka. "Hiyo ni ya aliyekosa maji. Sisi maji tunayo, wameyaficha tu. Piga simu walete kopo."

Kupiga simu kulihitaji simu, nayo ilikuwa ndani ya droo ambayo ilikuwa ndani ya ukuta. Nikaipata. Nikaomba kopo. Upande wa pili kukawa kimya kidogo, kisha kijana wa mapokezi akajibu kwa sauti ya chini ya mtu anayezungumza karibu na bosi: "Nimekuelewa dada. Namtuma mtu."

Akaja dada wa usafi, na mikononi amebeba taulo jeupe lililokunjwa. Akatazama korido kulia na kushoto, akaingia, akalifunua. Ndani lilikuwa jagi la plastiki, jekundu kabisa. "Naomba mlitunze bafuni, bibi," akanong'ona. "Meneja hataki rangi." Mama akamuuliza kwao wapi. Kwao Muheza. Basi yakaanza ya nani unamjua na mtoto wa nani wewe, na kabla sijafunga mlango mama alikuwa ameshatoka naye, wanatembea korido pamoja, jagi limebaki mikononi mwangu.

Nilipomfuata nilimkuta mwisho wa korido, akiwa amesimama mbele ya sehemu ya ukuta iliyokuwa imefunguka. Ulikuwa mlango usio na kitasa. Ukiusukuma unaingia stoo. Na humo ndimo ilimokuwa hoteli. Viti vya plastiki vya bluu vimepandana hadi juu. Chupa za chai, pasi, mabirika ya umeme, ndoo, madishi, vitambaa vya meza, mablanketi yenye maua, mito ya ziada, saa ya ukutani inayotembea, feni, kandambili za kila saizi. Ukutani misumari, safu nzima, na kila mmoja umebeba kitu. Kwenye kona runinga ndogo ilikuwa inaonyesha tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na wafanyakazi watatu wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wanakula ugali na dagaa.

"Kumbe wanavyo!" mama akasema. Akakaribishwa, akapewa ndoo yake, akakaa.

Hapo ndipo nilipoielewa hoteli ile. Hakuna kilichopungua. Vitu vyote viko, kwa wingi kuliko kwa mama yangu, ila vimewekwa nyuma ya ukuta, na kuna watu wa Muheza na Mbeya na Kigoma wanaokimbia navyo kwenye korido siku nzima, wamevificha ndani ya mataulo, ili mgeni aliyelipa asivione hadi avitake. Akimaliza navyo, wanakimbia navyo kurudi. Ule utulivu alioupenda mdogo wangu kwenye picha una zamu mbili na usafiri wa usiku. Mama aliokoa nguvu za watu kwa kuhamia stoo mchana. Tamthilia ile aliikuta katikati, wakamsimulia alipotokea yule mume wa kwanza.

Suala la kioo lilibaki. Akaja fundi, akatuonyesha kwamba kioo kile kina akili: ndani yake mna tabaka la fuwele za kimiminika, umeme ukipita zinajipanga na kioo kinakuwa wazi, umeme ukikatika zinavurugika na kioo kinageuka maziwa. Yaani stara ndiyo hali yake ya asili, na hoteli inalipia umeme kuiondoa. Kitufe cha kukigeuza kilikuwepo. Kitufe cha chumba chetu kilikuwa kibovu na kipuri kinatoka nje ya nchi. Njia iliyobaki ilikuwa kuchomoa kadi ya bima ukutani: stara inarudi, taa zinaondoka. Mama akajaribu kuoga hivyo, akatoka amejipaka dawa ya meno mwilini, akasema haiwezekani.

Ikabidi kanga. Lakini kanga inatundikwa wapi kwenye chumba kisicho na msumari? Juu ya kioo palikuwa na nafasi ya vidole vinne kabla ya dari. Mama akachukua yale mawe ya wasomi, akafunga moja kwenye pindo hili na moja kwenye pindo lile, akanipandisha kitandani, nikarusha. Mawe yakaning'inia ndani, kanga ikateremka nje, imenyooka vizuri kuliko pazia la dirishani. Alikuwa ameichagua bila kuitazama, kwenye giza la begi. Ilipotulia tukasoma jina lake, herufi kubwa nyeusi, kutoka ukingo hadi ukingo: MACHO HAYANA PAZIA.

Kibla nacho kilitupa kazi. Hoteli nyingi za Dar hubandika mshale mdogo darini au ndani ya droo. Hapa mshale ungekuwa korokoro. Dira ya simu ilizunguka ovyo, nadhani kwa sababu ya vyuma vilivyo ndani ya zege. Bahati nzuri Dar es Salaam na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, kwenye nyuzi 39 za mashariki, hivyo ukiijua kaskazini umeshamaliza. Jua lilipochomoza upande wa Kigamboni tukahesabu mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ulielekea moja kwa moja kwenye boksi la kioo na choo chake. Kanga ikawa na kazi ya pili.

Upasuaji wenyewe ulikwenda haraka kuliko kuandikishwa hotelini. Wanatoa lenzi iliyopata ukungu, wanaweka ya plastiki, unatoka unatembea. Kilichokuwa kirefu ni masharti: usiinue mzigo, jicho lisiingie maji, usiiname. Mama akauliza kuhusu sijida. Daktari, kijana mwenye subira, akamwambia: "Utaswali umekaa kwenye kiti, mama, kwa siku chache."

Tukatazamana tena.

Vitanda vile viko chini mno. Ukikaa, magoti yanakutana na kidevu. Ubao wa zege umesuguliwa hadi unateleza, kwa makusudi nadhani, ili mtu asije akaugeuza kuwa na faida. Nikapiga simu kuomba kiti. Mapokezi wakasema wangeweza kuniletea mto wa kukalia sakafuni, wa kitani. Sikubishana. Nilikwenda mwisho wa korido nikasukuma ukuta. Baada ya isha kigari cha mashuka kikapita mlangoni kwetu, kikasimama, na kutoka chini ya mashuka kikazaliwa kiti cha plastiki cha bluu. Yule dada wa Muheza hakusubiri shukrani. Alikuwa na chupa ya chai ya kufikisha chumba kingine, kwa mzee wa Bukoba ambaye naye, ilionekana, ameshaijua njia.

Meneja alikuja kesho yake asubuhi, amepata habari kwamba chumba chetu kina vitu. Mtu mrefu, nguo nyeusi tupu, viatu visivyotoa sauti. Akasimama pale pale aliposimama mama siku ya kwanza, akatazama. Mkeka. Kanga. Jagi jekundu. Kitambaa cha kufuma alichokitandika mama juu ya ubao wa zege, na juu yake chupa ya chai, kopo la vileja kutoka Tanga, dawa, na Qur'ani. Tasbihi kwenye shingo ya taa. Kiti.

"Samahani sana, mama," akasema. "Kiti hiki kiko nje ya dhana."

"Dhana ndiye mwenye hoteli?"

"Hapana, mama. Dhana ni... ni lile wazo letu. Muonekano wa hoteli."

"Mwambie nitakirudisha nikipona." Mama alikuwa na bandeji jicho moja, na sauti ya mwalimu wa chuo. "Na wewe kaa, mwanangu. Tangu nije sijamwona mtu wa hapa amekaa, ila walio kwenye ndoo."

Meneja akafungua mdomo kuuliza ndoo gani. Kisha akakitazama kiti. Nadhani alikuwa amesimama tangu saa kumi na moja alfajiri, kwenye jengo la ghorofa kadhaa ambalo halina pa kuweka kiuno. Akakaa. Kiti kikalia kile kilio cha plastiki ambacho kila mtu aliyewahi kwenda kwenye harusi anakijua. Mama akammiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, akamsogezea kopo. Vileja alivila kwa namna iliyokuwa kinyume kabisa na dhana. Akatuambia mambo mengi: kwamba mwenye hoteli yuko Ulaya na hutumiwa picha za kila chumba kila Ijumaa, kwamba nyumbani kwake Kinyerezi ana makochi ya kona, seti mbili, na kabati la vyombo ambalo mke wake haruhusu mtu aligusie kitasa. Alipoondoka hakusema lolote kuhusu kiti. Aliomba tu kwamba Ijumaa, kati ya saa nne na saa tano, kiwe chini ya kitanda. Chini ya kitanda hakukuwa na chini. Tulikiweka bafuni, nyuma ya kanga.

Siku bandeji ilipotolewa tulirudi chumbani saa sita, jua limejaa kote. Mama alisimama katikati ya sakafu, akazunguka polepole na jicho lake jipya. Nilijua anachokitafuta. Nilikuwa tayari kumwambia kwamba hapana, hata sasa hakuna kiti zaidi ya kile cha kwetu. Akanyoosha kidole kuelekea pembe ya dari.

"Kumbe kuna kitu!"

Sikuona. Nikapanda kitandani, nikaona: utando wa buibui, mwembamba, na mwenyewe yumo katikati. Ukuta ule ulikuwa umepigwa picha kila Ijumaa, ukatumwa Ulaya, ukasifiwa. Mama akapiga simu mwenyewe. Wakaja watatu na fagio refu, na meneja nyuma yao, na fundi wa vioo kwa sababu alikuwa karibu. Mama akawaelekeza kwa kidole: kushoto, juu kidogo, hapo. Halafu, kwa kuwa wamekuja, akawaonyesha na alama za vidole kwenye kioo, na ufa kwenye zege, na doa kwenye shati la fundi. Watu waliotoka kupasuliwa mtoto wa jicho huwa hivyo kwa wiki ya kwanza. Nilikuwa nimeonywa. Kuhusu uso wangu aliniambia mambo ambayo sitayaandika hapa.

Tuliondoka mapema ili kuliwahi basi. Dada wa Muheza alimpa mama mfuko wa kupeleka kwa mama yake mdogo, mapokezi akabeba begi, na yule bwana mwenye tai alipungiwa mkono kwa mara ya mwisho, akasimama kabisa kujibu.

Mchana tulifika Muheza, wauza machungwa wakajaa madirishani. Mama akataka ya elfu mbili. Akafungua pindo la kanga aliyojitanda, kwa imani kwamba ndimo ilimo noti, akaweka kwenye kiganja cha kijana bila kutazama. Kijana akatazama.

"Bibi, hili jiwe."

Lilikuwa lile jeupe. La pindo la pili lilikuwa limefunguliwa na kurudishwa kisahanini. Hili lilikuwa limesahauliwa na kusafiri. Kijana alilipima uzito, akauliza kama limetoka Mererani. Mama akalichukua, akalipa kwa noti ya pindo la pili, tukaendelea.

Usiku, tayari tuko Ngamiani, mdogo wangu akapiga simu kutoka Muscat. Hoteli imemkata fedha kwenye kadi. Imeandikwa: kipambo cha bafuni, kimoja. Alinitajia kiasi, na kwa kiasi hicho mtu anaenda Dar na kurudi na kula njiani. Mama akataka simu.

"Umelipia moja?"

"Moja, mama."

"Moja halifai kitu, baba. Yanatakiwa matatu. Wapigie uwaulize hayo mengine wanauzaje."